Kituo kipya cha polisi: bustani safi, kaunta ya kumwaga aibu za watu

Nyota moja. Na hiyo moja nimewapa waliopanda miti, si polisi, wala si aliyelichora lile jengo.

Najua kuna watakaoniuliza nilikwenda kituoni kufuata nini. Hayawahusu, ila kwa bahati mbaya nusu ya mtaa imeshajua, na jinsi ilivyojua ndiyo sababu ya mimi kuandika haya yote. Habari za paneli za sola na matangi ya maji ya mvua sizirudii. Zimeandikwa kwenye kibao pale nje, kwa herufi kubwa kuliko neno POLISI lenyewe.

Ilikuwa jioni, siku si nyingi zilizopita. Nimeingia ukumbini, na nikiri kwamba mguu wa kwanza ulinipendeza. Dari iko juu, hewa inapita bila feni, harufu ile ya zamani ya mahabusu na karatasi zilizovunda haipo. Nikasema moyoni, leo nitasikilizwa kama mtu. Watu walikuwa wamejaa kwenye viti, kila mmoja na lake, kimya. Kaunta imewekwa katikati, ikitazamana na viti vyote, na mbele yake kuna kioo kinene kilichopanda hadi juu, kina vitundu vidogo vya kuongelea usawa wa kifua changu. Kuna na kipaza sauti. Kimebandikwa karatasi: KIBOVU.

"Sema, mama," akaniambia kijana wa zamu bila kuinua uso.

Nikaongea kwa sauti ya chini, kama anavyoongea mtu yeyote mwenye jambo zito.

"Sikusikii."

Nikainama hadi kwenye vitundu. Fikiria mtu mzima na heshima zake, ameinama kama anachungulia shimo la panya.

"Mama, paza sauti, hapa si msibani."

"Afande, ni mambo ya kifamilia. Naomba tuzungumzie pembeni."

"Pembeni wapi? Mapokezi ndiyo hapa. Haya, nani kakutishia?"

Nikamtajia, taratibu. Naye, ili ahakikishe ameandika sawa, akarudia kwa sauti ya gwaride: "Shemeji? Shemeji yako ndiye kakutishia? Kwa panga au kwa maneno?"

Ndugu zangu, ukumbi ule ni zege tupu lililosuguliwa, vioo na vigae. Hakuna pazia, hakuna ubao, hakuna hata zulia. Zege la namna hiyo hurudisha karibu sauti yote inayoligonga, hivyo neno lile halikufa pale kaunta. Lilikwenda hadi mlangoni likarudi. Shemeji, shemeji. Mama mmoja ninayesali naye, ambaye sikujua kama yumo, akageuza shingo polepole sana.

Na hapo ndipo taa ilipozima.

Upande wa afande kukawa giza, na sisi tuliosimama kwenye kaunta giza likatumwagikia. Yeye hakushtuka. Akainua mkono, akaupunga hewani mara mbili, taa ikawaka, akaendelea kuandika. Baada ya muda ikazima tena, akapunga tena. Amezoea, kama watu wanavyozoea kufukuza nzi. Nilipomuuliza akasema ni taa za kisasa, zinajua kama kuna mtu au hakuna.

Nimelifuatilia hili kwa hasira, kwa hiyo nivumilieni. Sensa ya aina ile, yaani kile kifaa kinachowasha taa kikihisi mtu, inanusa mabadiliko ya joto la mwili linapopita mbele yake. Mtu akikaa kimya kabisa, kwa mfano askari anayeandika maelezo ya mtu, inamwona kama kiti. Ndiyo maana taa za hivyo zinafaa korido na vyoo, mahali ambapo mtu anapita. Kibaya zaidi, sensa yenyewe imefungwa darini upande wa askari, na joto la mwili halipenyi kioo. Mimi ningeweza kurusha mikono yote miwili, kuruka, kulia, kuanguka, isingewaka. Kwa mtambo ule mimi sikuwepo.

Na yote hayo kwa akiba gani? Taa moja ya LED ya wati 18 ikiwaka saa 24 bila kuzimwa haimalizi hata nusu yuniti ya umeme. Birika la umeme la wati 2,000 ambalo afande wangu alikuwa amelichomeka nyuma yake, likichemka robo saa, limeshakula nusu yuniti hiyo. Zimeni birika basi, mniachie taa. Sipingi kubana matumizi, na hapa nitakuwa mkweli: kituo cha polisi si ofisi ya kufungwa jioni, kinafanya kazi usiku na mchana, sikukuu na msiba, kwa hiyo kila kifaa kinachokula umeme bure pale kinakula mara kadhaa ya kile cha ofisini. Jengo linalopitisha upepo lenyewe na kuvuna maji yake ni akili kubwa. Lakini mtu aliyekuja kueleza kitisho hazimiwi taa. London walianza kutundika taa ya buluu nje ya vituo vyao mwaka 1861 ili anayekimbia usiku ajue pa kukimbilia. Sisi tumefika karne hii, taa inamkimbia aliyekimbilia.

Nilitaka kuondoka. Nilishafika mlangoni, naapa, nikiwa nimeshaitunga barua ya malalamiko kichwani na anwani zake zote. Akanifuata sajenti mmoja, mtu wa makamo, sauti ya chini. "Mama, pole sana. Njoo tukae huku nje." Akanipitisha mlango wa pembeni hadi kwenye bustani. Kuna benchi ya mbao chini ya mti, nyuma yake kuna ukuta uliotambaa majani, mbele kuna kile kibwawa kinachopokea maji ya paa. Akaketi ubavuni pangu, si mbele yangu, akaweka daftari gotini, akaniambia nianze ninapotaka. Nikaeleza yote. Kelele za barabarani zilifunika maneno yangu, majani yalimeza kilichobaki, na aliyekuwa ameketi hatua chache kutoka tulipokuwa hakunigeukia hata mara moja. Sijawahi kuandikisha maelezo nikiwa nimetulia namna ile. Hata nilipolia hakuniambia niache.

Kwa hiyo futeni ile nyota moja. Aliyeichora bustani ile alimfikiria mtu. Tatu. Wakati ule, nikiwa pale kwenye benchi, ningewapa hata nne.

Ila nilipofika nyumbani hasira ikarudi, maana nilianza kujiuliza: mvua ingekuwa inanyesha? Sajenti angekuwa likizo? Aliyekuja baada yangu, ambaye hakufuatwa mlangoni, alimwaga siri zake kwa nani? Faragha yangu ilikuwa hisani ya mtu mmoja mwema, wakati jengo limejengwa kwa mabilioni ya maneno kuhusu ukaribu na wananchi.

Kuna chumba pale kimeandikwa CHUMBA CHA JAMII. Ni kikubwa, kina madirisha, kina meza. Kimefungwa. Ufunguo, nimeambiwa, anao mkuu wa kituo, na mkuu yuko mkutanoni. Na hata kingekuwa wazi, mlango wake uko ndani, ng'ambo ya kaunta. Yaani vijana wakitaka kufanya kikao chao lazima kwanza wapite mbele ya kioo wajieleze. Bronx, kule New York, kampuni ya msanifu majengo Bjarke Ingels ilipochora kituo kipya cha polisi cha kata ya 40, chumba cha jamii walikipa mlango wake unaofunguka mtaani. Paa lao lina majani kama letu, lakini ule mlango kwangu una thamani kuliko paa. Mtu anaingia kwa sababu ana shughuli, si kwa sababu ana kesi. Chicago nako, mwaka 2015, wasanifu majengo wa Studio Gang walileta wazo la kituo ambacho mtu anafika hata siku asiyo na shida, na katika mtaa wa North Lawndale hawakusubiri jengo jipya. Walichukua kipande cha maegesho ya kituo kilichokuwepo wakakifanya uwanja wa mpira wa kikapu. Maegesho! Sisi ya kwetu tumeyawekea vivuli vizuri, magari ya polisi yanapumzika raha mustarehe.

Wabrazili walilielewa hili mapema zaidi. São Paulo walifungua kituo cha polisi cha wanawake mwaka 1985, kwa sababu waliona kwamba mwanamke aliyepigwa hatasema mbele ya kaunta yoyote tu na mbele ya askari yeyote tu. Hawakuanza na paa. Walianza na nani anasikiliza, na akiwa ameketi wapi.

Mtaniambia kioo kipo kwa usalama wa askari. Nakubali. Kuna watu wanaingia pale wamelewa, wamebeba vitu, na yule kijana ana mama yake nyumbani. Sisemi king'olewe chote. Nasema pembeni ya kaunta kuwe na kachumba kadogo kenye mlango wa kioo, mtu aonekane lakini asisikike, kenye dari laini inayonyonya sauti na taa yenye swichi ya kawaida ya ukutani ambayo mtu anaibonyeza kwa kidole. Viti vya ukumbini vigeuzwe vitazame bustani badala ya kutazama mgongo wa anayejieleza. Japani wana vile vibanda vidogo vya polisi vya mtaani, koban, vingine ni chumba kimoja tu: mtu anaingia kuulizia njia au kuulizia mwavuli alioupoteza, na askari yuko karibu. Kibanda! Na sisi tuna ghorofa.

Nilirudi baadaye kufuatilia jalada langu. Linaendelea, na shemeji ametulia, hilo nawashukuru kwa dhati. Yule kijana wa kaunta nilimkuta tena, akanisalimia "shikamoo mama" safi kabisa, nikamwitikia, nikashindwa kumchukia nilivyokuwa nimepanga. Naye anakaa saa nyingi kwenye sanduku linalomwambia kila mara kwamba hayupo. Pengine ndiyo maana anapiga kelele. Nasema pengine, kwa sababu ile "hapa si msibani" haikufundishwa na kioo.

Karatasi ya KIBOVU bado ipo, sasa imekunjika pembe.

Basi nyota mbili na nusu, na nusu hiyo naweza kuiondoa wakati wowote. Ukipatwa na jambo, usipite mlango mkubwa. Zunguka kwenye geti dogo la bustani, huwa wanalirudishia tu bila kufuli, keti kwenye benchi, umwambie yeyote atakayepita kwamba unamtaka sajenti wa zamu ya jioni. Na uwahi kabla mawingu hayajajikusanya, maana mti ule unavuja.