Mwaka mzima ndani ya maktaba iliyokarabatiwa: uzoefu wangu

Maktaba ya chuo kikuu chetu nimeitumia katika vipindi viwili visivyofanana: miaka miwili kabla ya ukarabati, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili, na mwaka mzima tangu ilipofunguliwa upya, sasa nikiwa mwanafunzi wa uzamivu ninayeshinda humo karibu kila siku. Ninayoyaandika hapa yametokana na ukaaji huo, wala si ziara ya siku ya uzinduzi, ambapo kila skrini ilikuwa inawaka na kila kiti kiko mahali pake.

Nianze na jambo ambalo halikuonekana katika picha za uzinduzi, nalo ni soketi. Zamani zilikuwapo chache tu, zote ukutani, hivyo meza za pembeni ziligombewa tangu milango inapofunguliwa huku za katikati zikibaki tupu, na aliyethubutu kuvuta waya sakafuni alikuwa anawategea wenzake mtego. Sasa kila meza ina soketi zake, na waya zote zimepitishwa chini ya sakafu. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja kilichobadilisha usomaji wangu, nitakitaja hicho bila kusita, ingawa nadhani msanifu wa jengo asingefurahi kusikia kwamba kazi yake yote imezidiwa na tundu la umeme.

Kuazima vitabu nako kumekuwa rahisi. Ndani ya jalada la kila kitabu kumebandikwa kibandiko chembamba chenye chipu na antena, ambacho hakina betri bali hupata nguvu kutoka katika mawimbi ya redio ya mashine yenyewe, kwa masafa ya megahezi 13.56, kwa hiyo unaweka rundo zima la vitabu mezani, unagusisha kadi yako, na kazi imekwisha. Au karibu imekwisha. Siku moja niliweka vitabu vitatu na majarida mawili membamba, mashine ikasoma vinne, nami kwa haraka sikuhesabu. Nilipofika mlangoni lango likalia, na watu wote waliokuwa ukumbini wakanigeukia kama mwizi. Mkutubi aliyekuja, dada mpole ambaye bila shaka ameshayaona hayo mara nyingi, alinieleza kwamba vibandiko vikilaliana moja kwa moja huingiliana, na majarida membamba ndiyo yanayoathirika zaidi. Tangu siku hiyo huyatandaza kama karata, na lango halijanisumbua tena.

Sehemu iliyosifiwa kuliko zote ni ghorofa ya kwanza, ambayo sasa haina rafu hata moja. Kuna viti vya magurudumu, meza zinazokunjwa, mbao nyeupe zinazosukumwa, na vyumba vya vioo vya majadiliano vyenye skrini kubwa. Kwa kazi ya kikundi sijaona mahali pazuri kuliko hapo: tulikuwa watu sita, tukaunganisha meza mbili, tukavuta ubao, na baada ya saa mbili tukaacha kila kitu tulipokiacha bila mtu kutulaumu. Vyumba huhifadhiwa kwa simu, na usipofika ndani ya dakika 15 nafasi yako hupewa mwingine, utaratibu ambao naona ni wa haki, ijapokuwa umeshaniumiza mara moja.

Tatizo ni kelele, na chanzo chake kilinichukua muda kukielewa. Mwanzoni niliwalaumu wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kama ilivyo desturi ya wazee wa chuo. Baadaye nikatambua kwamba wanafunzi ni walewale; kilichoondoka ni vitabu. Karatasi hufyonza sauti, na safu ndefu za rafu zilizojaa vitabu huikatakata isisafiri mbali. Rafu zilipoteremshwa chini, nafasi zake zikashikwa na vioo na sakafu ya saruji iliyosuguliwa, vitu viwili ambavyo hurudisha sauti badala ya kuimeza, na uwazi mkubwa wa katikati ukageuka bomba la kupandishia mazungumzo hadi ghorofa ya tatu, ambako kuna bango la kuomba kimya. Mazulia na vigae vya dari vya kufyonza sauti vingesaidia sana, lakini hakuna aliyeviweka kule juu.

Vitabu vyenyewe viko chini, katika rafu zinazosogea juu ya reli. Unazungusha usukani, ujia unafunguka, unaingia. Kwa kuwa ujia mmoja hutumika kwa rafu nyingi, nafasi ileile hubeba takriban vitabu mara mbili, lakini mtu mwingine akiwa ndani ya ujia wake, wewe unasubiri. Najua wapo waliokwenda mbali zaidi: Chuo Kikuu cha Chicago kilifungua Maktaba ya Mansueto mwaka 2011, ambamo vitabu hukaa ndani ya makasha chini ya ardhi na kuletwa juu na mitambo, na msomaji hafiki kwenye rafu kabisa. Kwetu angalau bado ninaweza kwenda kutafuta kitabu kimoja nikarudi na cha jirani yake, ambacho katalogi isingenionyesha kwa sababu sikujua niulize neno gani.

Kwa majadiliano, basi, nenda ghorofa ya kwanza na uhifadhi chumba mapema. Kwa kusoma peke yako, panda ghorofa ya tatu, pita meza mpya zote zilizo karibu na uwazi, uende hadi kona ya nyuma, ambako wamebakiza rafu nane za marejeo pamoja na meza za zamani za mbao nzito. Fundi aliziwekea soketi. Mimi hufika hapo saa mbili kamili asubuhi, na kwa kawaida huwa nakuta wawili wamenitangulia.