Tyubu za makro kwa picha za maua: mlegezo kwanza, bei baadaye

Mninga ukianza kuchanua mwishoni mwa kiangazi, simu yangu hujaa malalamiko ya aina moja. Dada mmoja wa Cheyo, hapa Tabora, kanunua tyubu za kupigia maua kwa karibu, kila picha inatoka na ukungu. Kaka mmoja wa Urambo, kamera yake Canon inamwandikia Err 01 kila akiinamisha lenzi. Mwingine yuko Kasulu, anasema akigusa tu ringi ya fokasi, ua zima linahama ndani ya fremu. Wote waliwarudia wauzaji wao, na wote wakajibiwa kitu kilekile: mkono wako unatetemeka, nunua stendi.

Tyubu za yule dada nimezishika mwenyewe. Mkono wake hauna tatizo lolote. Tyubu zinacheza, na yeye ametoa hela yake halali kuzinunua, kisha akaambiwa hajui kupiga picha. Hilo limeniudhi, ndiyo maana naandika.

Kwa asiyezijua, tyubu ni bomba fupi linalokaa kati ya kamera na lenzi. Ndani hakuna kioo, ni hewa tupu. Kazi yake ni kuisogeza lenzi mbali na sensa, yaani kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha, na lenzi ikisogea hivyo inaweza kufokasi kitu kilicho karibu zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: gawa urefu wa tyubu kwa milimita za lenzi, upate ukuzaji unaoongezeka. Tyubu ya milimita 20 kwenye lenzi ya 50 inakuongezea 0.4, ya 36 inakuongezea 0.72. Ukifika 1, ua lina ukubwa uleule kwenye sensa kama lilivyo mtini. Sensa ya Canon nyingi tunazotumia huku ina upana wa milimita 22 na kidogo, kwa hiyo ua dogo kama ukucha wa dole gumba linakaribia kuijaza fremu nzima. Lenzi ya 50 f/1.8, ambayo karibu kila mpiga picha za harusi hapa mjini anayo, inatosha kabisa kuanzia. Ile ya 18-55 ukiitumia kwenye 18 na tyubu ndefu, fokasi inaangukia ndani ya kioo chenyewe, hutaona kitu. Ivute mpaka 55.

Sasa rudi kwenye ile hewa. Kama ndani hakuna kioo, unalipia nini? Unalipia midomo miwili: ule unaoshika kamera na ule unaoshika lenzi. Thamani yote ya kifaa hiki imekaa hapo. Lakini soma matangazo yote, sikiliza wauzaji wote: watakuambia habari ya uzito, rangi, mfuko wa kubebea, na kwamba “inakubali kamera zote”. Habari ya mdomo kukaza au kulegea hakuna anayeigusa.

Mlegezo unaua picha kwa njia tatu. Ukifika ukuzaji wa 1 kwenye kamera hizi, hata ukibana tundu la lenzi mpaka f/11, kina cha sehemu inayoonekana kali hakizidi milimita moja hivi. Milimita moja! Lenzi ikiinama kidogo tu kwa uzito wake, ukali unatoka kwenye chavua na kuhamia kwenye petali ya nyuma, nawe hujagusa chochote. Ya pili ni kama lile la Kasulu: unazungusha ringi, lenzi inajipinda kabla fokasi haijasogea, na ulichopanga kwenye fremu kinaharibika. Ya tatu ni pini za umeme. Tyubu nzuri zina pini zinazopeleka mawasiliano kutoka kamera hadi lenzi, na mdomo ukilegea pini zinaachana. Hapo ndipo Err 01 inapozaliwa, kwa sababu ujumbe huo unamaanisha kamera na lenzi hazielewani.

Na kumbuka tyubu huuzwa seti ya tatu. Ukizipanga zote una maungio manne. Mlegezo ambao kwenye tyubu moja ulikuwa wa kuvumilika, kwenye maungio manne unakuwa mlango uliong'oka bawaba.

Kupima si kazi. Funga tyubu kwenye kamera, funga lenzi mpaka isikike imekaa. Shika lenzi pale karibu na tyubu, si kwenye ringi ya fokasi, maana ile huwa na mchezo wake. Jaribu kuizungusha. Kuzunguka kiasi cha unywele ni kawaida, hata lenzi iliyofungwa moja kwa moja kwenye kamera yake hufanya hivyo. Kisha iinue na kuishusha taratibu. Hapo ndipo penye hukumu: ikipanda na kushuka, irudishe. Halafu panga zote tatu, bandika kipande cha gazeti ukutani, fungua skrini ya nyuma na ukuze mpaka herufi zijae. Isukume lenzi kidogo kwa kidole kutoka chini, uiachie. Herufi zikibaki kali, tyubu imekaza. Zikififia na zisirudi, umeshapata jibu.

Ya kwanza: Kenko

Sifichi, mimi ni mtu wa Kenko. Ni kampuni ya Japani, na seti yake ya Canon EF na Nikon F (EF na F ni majina ya aina za midomo) ina tyubu tatu: milimita 12, 20 na 36. Mwili ni wa plastiki, na wengi wakiushika wanakunja uso kwa kudhani ni wa bei rahisi. Waache. Midomo yote miwili ni ya chuma, na hapo ndipo panapohitaji chuma. Pini zipo, tundu la lenzi unalibadilisha kutoka kwenye kamera kama kawaida, autofokasi inafanya kazi ingawa kwa maua mimi naizima na kusogea mwenyewe mbele na nyuma. Nimezipanga zote tatu na 50, nikalala chini kwenye majani makavu kupiga vijiua vya msituni ambavyo watu wanavikanyaga bila kuviona, na ukali ulibaki pale nilipouweka. Yangu ina vumbi jekundu la barabara ya Sikonge kwenye kila mkunjo na bado inakaza kama siku ya kwanza.

Wenye Sony za mdomo wa E, Kenko wana seti ya mbili, 10 na 16. Wenye Canon mpya za RF wanaotumia adapta kufunga lenzi za EF, tyubu za EF zinakaa vizuri kati ya adapta na lenzi. Usikubali mtu akuambie lazima uuze kila kitu uanze upya.

Kama una uwezo wa kununua seti moja tu maishani, nunua hii. Kama hela haijafika, subiri. Mninga utachanua tena mwakani.

Ya pili: za kampuni yenyewe

Canon walitengeneza EF 12 II na EF 25 II, na zote mbili zinakubali pia lenzi za EF-S, zile za kamera za sensa ndogo. Fujifilm wana MCEX-11 na MCEX-16. Kwa kukaza, hizi ni hodari. Lakini zinauzwa mojamoja, na ukijumlisha mbili utakuwa umeipita seti ya Kenko kwa mbali. Ukiipata EF 25 II ya mtumba ambayo mdomo haujalika, ichukue, hiyo moja peke yake kwenye 50 inakuongezea nusu nzima. Nikon wa zamani walikuwa na PK-12 ya milimita 14 na PK-13 ya 27.5. Ni chuma kitupu na zinakaza vizuri sana, ila hazina pini, kwa hiyo ni za mwenye lenzi yenye ringi ya kubana tundu kwa mkono. Lenzi za Nikon zenye herufi G hazina ringi hiyo, na zikikosa mawasiliano tundu linajifunga mpaka mwisho, unabaki na giza.

Ya tatu: Meike, kwa sharti

Meike wa China wanatengeneza za Canon za milimita 13, 21 na 31, zenye pini. Sharti ni moja: wana toleo la mdomo wa chuma na toleo la mdomo wa plastiki, na kwenye picha ya tangazo hutazitofautisha kwa urahisi. La chuma linafaa. La plastiki ndilo lililomfikia dada wa Cheyo.

Zile za bei ya chini kabisa

Ringi za kufungana kwa nyuzi, 7, 14 na 28, bila pini. Kwenye Canon tundu linabaki wazi kabisa na huwezi kulibana kwa njia ya kawaida. Zinafaa kwa lenzi kuukuu za mkono. Basi.

Jambo moja ambalo hakuna tyubu inayoweza kukuepushia ni mwanga. Ukuzaji ukifika 1 unabaki na robo ya mwanga uliokuwa nao: pale ulipokuwa ukipiga kwa kasi ya 1/200 ya sekunde sasa ni 1/50, na upepo wa Tabora hausubiri 1/50. Toka alfajiri kabla haujaanza kuvuma. Lenzi ya 50 pia inakupeleka sentimita chache tu kutoka kwenye ua, kivuli chako kinaliangukia na nyuki anaondoka. Wanaotaka nyuki, na huku kwetu kwenye asali nani hataki nyuki, wafunge tyubu kwenye lenzi ndefu ya 55-250, ukuzaji utakuwa mdogo lakini watasimama mbali.

Na vumbi: kila ukibadilisha tyubu unaifungua sensa. Badilisha ndani ya nyumba, au geuza mdomo wa kamera chini.

Sasa wauzaji. Mjini hapa maduka ya picha yana karatasi za pasipoti, fremu na betri, tyubu hazipo. Kwa hiyo tunaagiza Dar, na Dar maana yake Kariakoo, na Kariakoo maana yake mawinga, madalali wa mitaani. Nimempigia mmoja, akanitajia bei. Alipouliza nipo wapi nikasema Tabora, bei ikapanda palepale, kabla hata ya nauli ya basi. Nikamuuliza mdomo ni wa chuma au plastiki, akanijibu, “Dada'angu, hii ni original kabisa.” Sikuuliza hilo. Wengine wanabandika picha ya boksi la Kenko, mzigo ukifika ndani kuna kitu kisicho na jina, na ukilalamika unaambiwa mzigo ukishapakiwa haurudi. Mtu wa Kigoma anaumia zaidi, maana kumrudishia muuzaji ni safari nyingine ya reli nzima. Sisi wa mikoani tunalipa zaidi kwa bidhaa ambazo wenzetu wa Dar wanakataa dukani baada ya kuzishika. Si haki, na tunalizoea kwa sababu hatuulizi.

Uliza. Kabla ya kutuma hela, mwambie muuzaji akurekodie video fupi: tyubu zote tatu kwenye kamera, lenzi mbele, anaiinua na kuishusha kwa vidole viwili, kisha aonyeshe mdomo kwa karibu ili uone kama ni chuma. Mwenye mzigo mzuri ataifanya kwa dakika moja. Kama una ndugu Dar, mtumie yeye dukani akapime mwenyewe kabla boksi halijafungwa, na hela itoke mkononi mwake baada ya kupima, si kabla.