Kifurushi cha vipimo vya homa ya ini B: vipimo safi, maelezo hakuna

Nimetumia kifurushi cha vipimo vitatu vya homa ya ini aina ya B kwenye maabara moja binafsi hapa Dar es Salaam. Jina nalihifadhi.

Nilichotaka hasa ni chanjo. Sisi tuliozaliwa kabla ya 2002, mwaka ambao chanjo hii iliingizwa kwenye ratiba ya watoto nchini, wengi wetu hatujawahi kuipata, na mtu mzima akienda kuchanja huambiwa apime kwanza. Mapokezi walinipa njia mbili: kipimo cha haraka cha HBsAg (alama ya kirusi chenyewe) peke yake, au kifurushi chenye HBsAg pamoja na kingamwili mbili, anti-HBs na anti-HBc ya jumla. Nikachukua kifurushi, ingawa bei yake imechangamka. Aliyenitoa damu ana mkono mwepesi, foleni haikuwepo, na majibu yaliingia WhatsApp jioni ileile.

Raha ikaishia hapo. HBsAg hasi. Anti-HBs hasi, chini ya 10. Anti-HBc chanya, tena kwa maandishi mekundu. Sehemu ya maoni wameandika tu nimwone daktari wangu. Daktari yupi, na mimi nimeingia kutoka mtaani? Nilipopiga simu, dada wa mapokezi akanijibu kwa upole kabisa kwamba yeye haruhusiwi kutafsiri majibu. Sikatai, lakini basi awepo anayeruhusiwa! Mdogo wangu naye alishachungulia simu yangu, na asubuhi nikakuta kikombe changu kimetengwa pembeni ya kabati. Ugonjwa wenyewe hauambukizi kwa kikombe wala sahani. Unapita kwenye damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua.

Aliyenifumbulia ni daktari wa hospitali ya wilaya, mama mtu mzima asiye na haraka. Aligeuza risiti yangu, akachora safu tatu nyuma yake. "Mwanangu, usisome mstari mmoja mmoja. Yasome yote matatu kwa pamoja."

HBsAg ni sehemu ya ganda la kirusi. Ikionekana, maambukizi yapo, na ikidumu zaidi ya miezi 6 huitwa maambukizi sugu. Anti-HBs ni kingamwili ya ulinzi, na ikifika 10 au zaidi baada ya kumaliza chanjo, mtu huhesabiwa ana kinga. Anti-HBc haiji kwa chanjo, kwa sababu chanjo haina ile sehemu ya ndani ya kirusi. Hupatikana kwa aliyewahi kukutana na kirusi chenyewe. Ndiyo maana aliyechanjwa tu huwa na anti-HBs peke yake, na aliyeugua akapona kwa kawaida huwa nazo zote mbili.

Mimi nilikuwa na anti-HBc pekee, mpangilio ambao hata baadhi ya watumishi wa afya huwasumbua. Akanieleza kwamba huenda niliugua zamani nikapona, pengine utotoni bila kujua, na anti-HBs ikashuka kwa miaka. Kwenye nchi ambako ugonjwa huu ni wa kawaida, hilo ndilo huwa la kwanza kufikiriwa. Au kipimo kimekosea. Au kirusi kipo kwa kiwango kidogo mno, HBsAg haikioni. Au niko kwenye kile kipindi cha katikati, HBsAg imeshatoweka na anti-HBs haijatokea, na hapo anti-HBc ya aina ya IgM ndiyo inayosaidia kujua kama maambukizi ni ya karibuni.

Akaagiza anti-HBc irudiwe kwa mashine nyingine, IgM, kipimo cha vinasaba vya kirusi na vimeng'enya vya ini. Anti-HBc ikarudi chanya, IgM hasi, kirusi hakikuonekana, ini halina neno. Akanipa dozi moja ya chanjo, na baadaye anti-HBs ikawa imepanda vizuri kupita 10. Bado akaandika kwenye daftari langu, akapigia mstari: nikiwahi kupangiwa dawa za saratani au za kushusha kinga, niseme kwamba nina anti-HBc, kwa sababu kirusi kilicholala kinaweza kuamka.

Kwa maabara nawapa nyota tatu kati ya tano. Vipimo vyao vilikuwa sahihi, na kijiti cha HBsAg peke yake kingenipa "hasi" nikaondoka sijui lolote kuhusu hiyo anti-HBc. Lakini kuuza kifurushi cha aina hii bila hata dakika kumi za daktari ni kumwachia mteja hofu. Ukitaka kukinunua, uliza kabla ya kulipa nani atakusomea majibu, na kama hayupo, tafuta daktari wako kabla hujatolewa damu.