Uzoefu wangu na hadubini ya TIRF: kutazama VVU vikiundwa ndani ya seli hai

Nimeitumia hadubini ya TIRF, ile inayowasha kwa leza sakafu ya seli tu, kwa wiki sita katika kituo cha picha cha chuo kimoja nje ya nchi. Naandika kwa ajili ya wanafunzi wa baiolojia wanaoniuliza kama inafaa kuhangaikia nafasi ya kuitumia. Inafaa, ila ujue kwanza inakuonyesha nini na inakuficha nini.

Nilikwenda na swali moja. Kirusi cha UKIMWI huungwa kipande kwa kipande chini ya utando wa seli, na kipande kikuu ni protini iitwayo Gag. Zaidi ya Gag 2,000 hukusanyika mahali pamoja, huusukuma utando utokeze nje kama puto, na mwishowe shingo ya puto hukatwa. Nilitaka kujua kazi hiyo huchukua muda gani. Hadubini ya elektroni ina picha kali kuliko hii, lakini seli yake imekwisha kufa kwa kugandishwa au kukaushwa, na mfu hawezi kukuambia dakika ngapi zimepita.

Kwenye hadubini ya kawaida ya mwanga, seli nzima inawaka. Gag, ambazo huunganishwa na protini inayong'aa ili zionekane, zimetapakaa ndani yake na zinang'aa pamoja, na doa dogo lililo kwenye utando linapotea kama kimulimuli mchana. TIRF inapiga leza kwenye kioo kwa mlazo mkali mno hata mwanga wote unarudishwa ulikotoka. Upande wa pili wa kioo, pale seli ilipokaa, panabaki mng'ao hafifu unaofika kina cha nanomita 100 hadi 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kisha basi. Kinachowaka ni kile tu kilicho kwenye sakafu ya seli. Juu yake ni giza.

Kwa njia hii Jouvenet, Bieniasz na Simon wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitoa matokeo yao mwaka 2008: kirusi kimoja kilijikusanya kwa dakika 5 hadi 6. Mwaka uliofuata watafiti wa Munich na Heidelberg, Ujerumani, wakapata dakika 8 hadi 9.

Maandalizi ndiyo yaliyonichosha. Nilitumia seli za HeLa, zilizotoka kwa mgonjwa wa saratani, Henrietta Lacks, mwaka 1951 huko Baltimore bila yeye kuombwa ridhaa, na sipendi kuzitaja bila kumtaja. Ndani yake niliingiza jeni ya Gag iliyounganishwa na protini ya kijani inayotokana na kiwavi cha baharini. Hapa sikilizeni vizuri: msiipe seli Gag ya kijani peke yake. Ule mkia wa kijani unabana, na chembe zinatoka zimepinda. Changanyeni na Gag ya kawaida. Kwa kuwa jeni nyingine za kirusi hazimo, chembe zinazotoka ni maganda matupu yasiyoweza kumwambukiza mtu.

Siku mbili za kwanza nilipoteza picha zote. Kisanduku cha joto kinatakiwa kikae nyuzi 37, na mimi nilikuwa nakiwasha dakika ishirini kabla ya kuanza. Chuma cha hadubini kikawa bado kinapata moto, kinatanuka, na picha inatoka kwenye fokasi taratibu mpaka yote inakuwa ukungu. Fundi wa kituo ndiye aliyenielekeza nikiwashe tangu alfajiri. Yeye pia alinipunguzia nguvu ya leza, maana nilikuwa nazichoma seli zangu mwenyewe, na akanipangia picha moja kila baada ya sekunde tano. Kama kituo chenu kina mashine nzuri lakini hakina mtu wa namna hiyo, fikirini mara mbili kabla ya kulipia saa.

Siku ya nne nikaona. Mahali palipokuwa peusi pakatokea nukta hafifu. Ikakaa palepale huku inaongezeka mwanga, dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Karibu na dakika ya nane ikaacha kuongezeka, ikatulia. Kando yake nyingine ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mimi ni mzaliwa wa Bukoba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na wazee wetu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la kitambaa, kwa sababu hawakuwa na jina jingine la kuuita. Nilikaa nikiitazama ile nukta mpaka muda wangu ukaisha.

Lakini ni nukta. Kirusi kina upana wa nanomita 100 na kidogo, na mwanga hauwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi. Huoni umbo, huoni puto wala shingo. Unaona idadi ikipanda. Ukitaka umbo, rudi kwenye elektroni. Tena unaona sakafu ya seli tu. Kinachotokea mgongoni mwake hukipati. Na diski ya kituo inajaa upesi, nendeni na ya kwenu.

Kilichobaki kunisumbua ni kwamba nukta ikitulia, sijui kama kirusi kimeshakatwa au bado kimening'inia. Kundi la New York lilikuwa na mbinu: walitumia protini inayofifia penye asidi, wakawa wanapandisha na kushusha hewa ya ukaa ili ndani ya seli pawe na asidi kwa vipindi. Nukta inayofifia na kurudi bado imeungana na seli. Ikiacha kufifia, shingo imekatwa. Zamu yangu ijayo ni Alhamisi saa mbili asubuhi, na nimeshaomba niwekewe mtungi wa pili wa hewa ya ukaa.