Usiku sita Bhutan: hoteli sitaki tena, nirudisheni kwa mama mkulima

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu tangu nirudi Mombasa. Mgeni kama mimi Bhutan, ile nchi ndogo ya milima ya Himalaya kati ya India na China, hutozwa ada ya dola 100 kila usiku anaolala, mbali na dola 40 za viza. Kabla ya Septemba 2023 ada ilikuwa 200, kwa hiyo tumepata nafuu. Kwa usiku sita hizo ni dola 640, na bado hujala wala hujalala. Wakala alitutoza dola 1,100 zaidi kila mmoja, mimi na wifi yangu: kiongozi wa watalii, gari na dereva, hoteli za nyota tatu, milo yote, na usiku mmoja nyumbani kwa mkulima katika bonde la Paro. Nauli kando. Tulipitia Bangkok, na ile ndege ya mwisho hujipenyeza katikati ya milima mpaka unaona madirisha ya nyumba za watu. Wifi alimaliza dua zote anazozijua.

Kiongozi sina neno naye. Kijana mpole, kila siku amevaa gho yake, joho la kiume linalofika magotini na kufungwa mkanda, na kifuani linaacha mfuko mkubwa ambamo alikuwa akitoa simu, leso, biskuti, hata dawa ya kichwa. Kwao hilo ni vazi la ofisini, msidhani amevalishwa kwa ajili ya wageni.

Malalamiko yangu ni hoteli. Usiku tano mfululizo tulijipakulia tambi, viazi na kabichi ya kuchemsha. Tukiomba pilipili, inaletwa kwenye kisahani kidogo kama dawa ya mtoto. Mpishi ameshaamua kwamba mgeni hawezi. Siku ya tatu nilimwambia kiongozi kwamba sisi ni watu wa Pwani, akacheka, akatupeleka mahali wanapokula madereva pale Thimphu, mji mkuu. Ndipo nikaijua ema datshi: pilipili nzimanzima zimepasuliwa na kupikwa ndani ya jibini, unakula na wali mwekundu. Kwao pilipili si kiungo, ni mboga. Nilitokwa jasho, nikaongeza. Na kwa wasomaji wanaojali halali: nyama nyingi huletwa kutoka India na sikuwa na namna ya kujua imechinjwaje, lakini vyakula vya mboga na jibini ni tele. Tulikula hivyo wiki nzima, hatukupungukiwa.

Usiku wa sita ndio uliofidia safari. Nyumba ya udongo ulioshindiliwa, madirisha ya mbao yaliyochorwa maua, na juu ya paa pilipili nyekundu zimeanikwa, maana ilikuwa Oktoba. Ngazi imesimama wima kama ya kupandia mnazi. Ndani kuna chumba cha ibada, na kila asubuhi mama mwenye nyumba hujaza maji bakuli saba mbele ya madhabahu. Nyumba ni yake, si ya mumewe. Sehemu nyingi za magharibi, shamba na nyumba humfuata binti, mume ndiye anayehamia. Wifi, ambaye amehamia kwetu kwa kuolewa na kaka yangu, alinikonyeza.

Chakula kikija hupokei papo hapo. Unafunika mdomo kwa mkono na kusema "meshu meshu", yaani hapana, nimetosheka. Mwenyeji anashikilia, unakataa tena, kisha unakubali. Hapo hatukuhitaji mkalimani. Chai yao, suja, ina siagi na chumvi: ukiiita chai utaudhika, ichukulie kuwa ni supu. Ara, pombe yao ya nafaka, tulikataa kweli na hakuna aliyenuna. Baadaye tulioga kwenye pipa la mbao: mawe huchomwa hadi yawe mekundu, kisha hutumbukizwa majini na majani yenye harufu chungu. Miguu yangu, iliyopanda Taktsang asubuhi ile, ilinishukuru. (Taktsang ni ile nyumba ya watawa iliyogandana na jabali, zaidi ya mita 3,000 juu. Farasi hawakufikishi juu, simu na kamera unaziacha langoni. Pandeni polepole, sisi wa usawa wa bahari pumzi hukatika.)

Tatizo ni ratiba. Tulifika saa kumi na moja jioni, alfajiri tukaondolewa kwenda uwanja wa ndege. Kwa pesa zile! Ukienda, mwambie wakala kabla hujalipa kwamba unataka usiku tatu shambani, na uwe mwanzoni. Beba vizibo vya masikio pia, kwani mbwa wa Thimphu hulala mchana na kubweka usiku kucha.

Na ule wimbo kwamba Bhutan ni "nchi ya furaha" usiumeze mzima. Kiongozi alinisimulia bila kuficha kwamba dada yake yuko Perth, Australia, kama vijana wengi wa huko, kwa sababu ya kazi. Nilimwambia kwetu kila nyumba ina mtu wake Ughaibuni, tukaelewana.

Ninawapa nyota nne. Ile ya tano imebaki kwenye kabichi ya hotelini.

Nilisahau doma, tambuu yao. Baada ya kula, mama alitoa kikasha, akakunja jani la tambuu lenye chokaa na kipande cha popoo, akampa wifi. Popoo yao ni mbichi na inanuka, haina ile katu ya kwetu, na inapandisha joto mwilini. Wifi, mjukuu wa bibi aliyetafuna tambuu Mji wa Kale maisha yake yote, alitafuna bila kukunja uso. Mama akapiga kofi la furaha na kumkunjia la pili.