Miezi minane na Search Console: keki isiyo na mayai ndiyo iliyoniamsha

Naoka keki nyumbani Donholm na kuzipeleka popote Nairobi, mradi mwenye pikipiki awe mtu wa kuheshimu matuta. Tovuti yangu ndogo tu, haina hata kurasa kumi. Mwaka mzima nilikuwa nang'ang'ania neno moja, "keki za harusi Nairobi", na mwaka mzima nikabaki huko nyuma kwenye Google ambako hata mama mzazi asingechoka kunitafuta mpaka anifikie. Neno hilo linagombewa na maduka yenye matawi kila pembe ya jiji. Mimi na oveni yangu moja tulikuwa tunapigana na ndovu.

Kabla sijaijua Search Console, chombo cha kukuonyesha watu wanavyoipata tovuti yako Google, nilishaliwa. Kijana mmoja aliyejiita mtaalamu alichukua shilingi 15,000, akaniahidi ukurasa wa kwanza ndani ya wiki mbili. Nilipokuja kuchunguza, chini kabisa ya ukurasa wa mwanzo alikuwa amepanga "keki bora Nairobi, keki nafuu Nairobi, keki tamu Nairobi" mistari na mistari, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe ili mteja asizione. Nilizigundua kwa bahati, mtoto alipoburuta kidole kwenye skrini maneno yakajitokeza. Kuficha maandishi namna hiyo ni kuvunja kanuni za Google waziwazi. Pia alijaza kile kisanduku cha maneno kilicho ndani ya msimbo wa ukurasa, ambacho Google ilishasema tangu 2009 kuwa haikitumii kabisa kupanga matokeo. Nililipia kisanduku kilichokufa kabla sijamaliza shule.

Basi nikafuta yote, nikajisajili Search Console mwenyewe. Ni ya Google, ya bure, zamani ikiitwa Webmaster Tools. Unachotakiwa ni kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, na hapo ndipo nilipotokwa jasho kidogo, kisha unasubiri takwimu zijikusanye. Ripoti ninayoishi nayo ni ya utendaji. Inakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google ukatokea, umetokea mara ngapi, umebofywa mara ngapi, na kwa wastani ulikuwa nafasi ya ngapi. (Wengi huandika kwa Kiingereza, hapa nawatafsiria.)

Siku ya kwanza nilipopanga orodha kuanzia lililoonekana mara nyingi, nilikuta "keki isiyo na mayai Parklands". Nimeonekana mara 140, nimebofywa mara mbili, nafasi ya 14. Nilicheka. Katika tovuti nzima nilikuwa na sentensi moja tu kuhusu mayai, tena nimeitupa chini ya bei: "Tunaweza kutengeneza bila mayai ukiagiza mapema." Google iliokota sentensi hiyo ikanipandisha hadi nafasi ya 14, wakati kwenye lile neno nililolilia mwaka mzima hata sionekani. Na ukiujua mtaa wa Parklands huhitaji kuelezwa: familia nyingi za Kihindi kule hazili mayai, na sherehe haziishi.

Hayo ndiyo yanayoitwa maneno saidizi. Siyo kurudia neno kuu kwa mapambo tofauti kama alivyofanya yule kijana. Ni yale mengine ambayo mteja huyatumia akiwa anajua hasa anachotaka. Anayeandika "keki" huenda anatafuta picha au namna ya kupika. Anayeandika "keki isiyo na mayai kilo mbili bei" ana M-Pesa mkononi.

Sikuongeza neno hilo mara ishirini. Niliandika sehemu nzima yenye kichwa chake: kwamba badala ya mayai natumia mtindi, au siki na magadi, kwamba keki hiyo huwa nzito kidogo na haipendi kukaa nje ya friji, na bei ya kila kilo. Wiki chache baadaye mama mmoja akapiga simu.

"Habari yako dada. Hiyo keki isiyo na mayai, vyombo mnavyotumia ni vile vile vya keki za mayai?"

Nikakiri kwamba ndiyo, ila navisugua vizuri.

"Basi hapana, mpenzi. Asante."

Iliniuma, lakini kesho yake nilikwenda soko la Gikomba nikanunua sufuria, mabakuli na mwiko wa kando, nikazipiga picha na kuandika kwenye ukurasa kwamba vyombo ni tofauti. Mwezi uliofuata "vyombo tofauti" ikaanza kujitokeza ndani ya ripoti. Simu ya huyo mama ilinipa neno ambalo hakuna chombo kingenipa. Sasa ukurasa huo uko nafasi ya tatu au ya nne kwa maneno yake, na kwa wiki napata oda tatu hivi kutoka upande huo wa mji. "Keki za ruracio", yaani za sherehe ya mahari ya Wakikuyu, nazo nilifanya vivyo hivyo, ikaitika haraka zaidi.

Kuna mahali niliharibu mwenyewe. Nilipoonja utamu nikatengeneza kurasa za keki za harusi Donholm, Buruburu, Umoja, Embakasi, zote maneno yale yale nimebadilisha jina la mtaa tu. Zikaanza kunyang'anyana: leo Google inaonyesha ya Umoja, kesho ya Buruburu, na zote zikashuka. Nilizivunja zikawa ukurasa mmoja wenye orodha ya mitaa na nauli ya kupeleka kila mtaa, nikaelekeza anwani za zamani huko. Ilichukua zaidi ya mwezi kutulia.

Malalamiko yangu kwa Search Console ninayo. Takwimu kamili huchelewa siku mbili hivi, kwa hiyo ukibadilisha kitu leo usikae kuitazama kama sufuria ya maziwa. Maneno yanayotafutwa na watu wachache sana huyaficha kwa ajili ya faragha, na kwa biashara ndogo hayo ndiyo mengi, hivyo jumla ya juu hailingani na orodha ya chini. Wastani wa nafasi nao unadanganya ukiusoma peke yake. Kumbukumbu inaishia miezi 16. Na haikuonyeshi kabisa maneno ambayo hujawahi kutokea. Kwa hayo huwa naandika "keki ya" kwenye Google na kusoma inavyonimalizia. Chombo cha maneno cha matangazo yao nilikijaribu, kikanipa makadirio mapana kwamba neno hutafutwa mara "kati ya 100 na 1,000" kwa mwezi, kwa sababu silipii matangazo. Tofauti ya watafutaji 100 na 1,000 kwangu ni tofauti ya kulala na kutolala.

Hata hivyo kila Jumatatu asubuhi, keki zikiwa ndani ya oveni, naifungua. Wiki hii imeniletea "keki ya mbwa Karen" (Karen ni mtaa wa hapa Nairobi), nimeonekana mara tisa, nafasi ya 61. Nimemuuliza jirani mwenye mbwa kama mbwa wake anakula karoti.

Anakula.