Bol jointi na tairodi mpya za Hiace boksi: nimetembea nazo miezi 8

Vipi wadau, wazima? Haya, leo naanza na hii bol jointi hapa mkononi, kile kiungo cha duara kinachoshika gurudumu la mbele, sogeza kamera ami, hapa kwenye raba inayoifunika. Mwauona huu mpasuko? Mdogo, hata ukucha haujai. Shida yote ya gari yangu ilianza na mpasuko kama huu.

Gari yenyewe ni ile boksi, Hiace ya 2006, asubuhi yabeba watoto wa shule kutoka Likoni kuja kisiwani Mombasa, mchana yabeba mizigo. Maana yake kila siku ferry, kwenda na kurudi, na mtu wa Likoni aijua ile njia ya kushukia, bahari ikijaa wakanyaga maji ya chumvi upende usipende. Raba ikishapasuka, maji yaingia, grisi yatoka, kutu yakaa mahali pa grisi, na hapo jointi yako ishaanza kuhesabu siku.

Dalili nilikuwa nazo zote. Kwenye matuta mbele kushoto kwagonga ko ko ko, nikipanda daraja la Nyali gari yajiendea, mara yavuta huku mara kule, na tairi ya kushoto imelika upande wa ndani mpaka nyaya zaonekana. Nikaenda duka moja mjini nikanunua bol jointi za chini, 1,100 kila moja, boksi imeandikwa jina kubwa la kuaminika, nikafunga, nikashukuru. Miezi 4 haikutimia, ko ko ko ikarudi. Nilipoinua gari nikatia mtaimbo chini ya tairi nikaona vile inavyopanda na kushuka, nguvu ziliniisha, kwa sababu asubuhi hiyo hiyo nilikuwa na watoto 11 ndani. Bol jointi ya chini ikichomoka hakuna cha kushika usukani, gurudumu lalala, gari yakaa chini na wewe waenda itakakokupeleka yenyewe.

Sasa angalieni, hii ndiyo ile ya 1,100, nimeipasua na grenda katikati. Hiki kikombe cheupe cha plastiki ndicho kinachobeba kile kichwa cha duara, mwaona ufa? Kimepasuka pande mbili. Grisi ilikuwa kidogo kama dawa ya meno unayompakia mtoto kwenye mswaki, na yenyewe ishageuka uji wa kutu. Na hii raba, ibonyeze, ngumu kama mfuko wa plastiki uliokaa juani. Kwa hivyo ilikuwa feki, jina la watu limebandikwa tu kwenye boksi.

Seti niliyofunga baadaye ni 555, zatoka Japani, kampuni inaitwa Sankei. Nilinunua vipande 8: bol jointi za chini 2 kwa 3,200 kila moja, za juu 2 kwa 2,800, tairodi endi 2, vile viungo vya nje vya fimbo za usukani, kwa 1,900, rek endi 2, viungo vya ndani vya fimbo hizo hizo, kwa 1,800. Jumla 19,400. Najua ni pesa, mimi mwenyewe ilibidi nijichange miezi miwili. Lakini tofauti waisikia mkononi kabla hujalipa, na hili nataka mlishike vizuri kwa sababu feki za 555 pia zimejaa. Shika ule ulimi wa jointi, kile chuma chenye nyuzi kinachochomoza, uzungushe polepole. Iliyo nzuri yazunguka kwa uzito, uzito ule ule mduara mzima, haikwami mahali, haiachii mahali, na ukiiachia ulimi wabaki pale ulipouacha. Ukianguka wenyewe irudishe. Halafu bonyeza raba, iwe laini irudi yenyewe. Halafu tazama maandishi yaliyopigwa kwenye chuma chenyewe, achana na stika ya boksi. Muuza duka akikukataza kufungua boksi, hamia duka la jirani.

Kabla ya kununua chochote jua kwanza kibovu ni kipi, kwa sababu wengi twabadilisha jointi kumbe ni beringi ya gurudumu. Inua mbele, weka stendi, usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, tafadhali sana. Shika tairi juu na chini, tikisa. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki, tikisa tena. Uchezaji ukiisha hiyo ni beringi, ukibaki tazama bol jointi. Kisha toa jeki kwenye fremu iweke chini ya am ya chini, ule mkono wa chuma unaobeba gurudumu, karibu na gurudumu lenyewe, ujaribu tena na mtaimbo, kwa sababu springi ikiibana jointi, uchezaji wajificha, na ndiyo maana fundi mmoja atakwambia iko sawa na mwengine atakwambia imekufa. Halafu shika tairi kushoto na kulia. Ikicheza hapo ni tairodi endi au rek endi, na rek endi iko ndani ya ile raba ya mikunjo kwenye reki ya usukani, ibinye kwa vidole huku mwenzako anatikisa tairi, utaisikia ikigonga kwenye vidole kabisa. Yangu ya kulia ilikuwa imekwisha na fundi wa kwanza hakuigusa.

Kufunga kulituchukua siku nzima. Nati za huku kwetu hewa ya chumvi imezila, kwa hivyo usiku wa jana yake nilizimwagia WD-40 zikalala nayo. Kuchomoa ulimi usigonge nyuzi zake, tumia pula, kile chombo cha kuvutia, au gonga ubavu wa lile tundu lenyewe kwa nyundo mbili, moja imekingama, moja yagonga, utasikia tii! na imeachia. Ile fork ya kupigilia, uma wa chuma unaopigiliwa kwa nyundo, inafanya kazi haraka lakini yachana raba, itumie tu kwa jointi unayoitupa. Tairodi kabla hujaitoa hesabu mizunguko, yangu ilikuwa 17 kushoto, ukirudisha mpya kwa hesabu hiyo gari itafika kwenye alainmenti, yaani kunyooshwa magurudumu, bila kutembea kama kaa. Na splitipini, ile pini inayozuia nati isilegee, iwe mpya. Tundu lisipolingana kaza nati mbele kidogo lifuate, usilegeze kurudi nyuma hata kidogo, na usiwaachie vijana wakurudishie ile ya zamani wameinyoosha na koleo. Nilikagua hapo kila moja kwa mkono wangu.

Fundi nilimpa 4,000, alainmenti 1,500. Alainmenti si ya hiari jamani, umegusa tairodi na jointi zote halafu unataka kuokoa 1,500, tairi mpya utaila ndani ya wiki chache na utasema spea ni mbaya.

Sasa miezi 8, kama kilomita 19,000, ferry kila siku ya shule. Nimeinua tena jana mbele yenu mlivyoona, juu na chini kimya, kushoto na kulia kimya. Tairi zalika sawasawa, pitisheni kiganja hivi, hakuna meno. Darajani Nyali nashika usukani kwa vidole na yaenda. Mpasuko huu niliowaonyesha mwanzo ni wa jointi ya juu kulia, wala si kosa la spea, ni siku tuliyobadilisha shoki, kijana alipigilia ile fork nikiwa nimeenda kuswali. Nimeagiza raba peke yake, ndani bado grisi ni safi, nimeifuta na kuijaza upya.

Kwa hivyo ukiniuliza kama ningenunua tena, ndiyo, na ningezinunua mapema. Kama pesa haitoshi za vipande 8, anza na bol jointi za chini zote mbili, kulia na kushoto, hata kama moja ndiyo inayogonga, halafu ufuate rek endi.

Kilichobaki kwangu ni bushi, zile raba za kwenye maungio ya am, za am ya chini kushoto, bado zalia nikigeuza usukani gari imesimama, sikieni hiyo... hiyo hapo. Jumamosi naishusha.